Mguu Wangu na Jagi la Kunawishia

Ukinikuta siku ya mnada hapa Nkololo utanitambua upesi. Kabla sijakupa mkono naangalia kwanza kucha zako. Watu wananicheka, na mimi nawacheka wanaonicheka. Tabia hiyo niliitoa hospitali, na ndiyo nimekaa kuiandika leo, maana haupiti mwezi bila mtu kuja kwangu kuniambia mama yake au mume wake amelazwa, kidonda hakikauki, na mimi nilifanyaje. Nimesimulia mpaka koo limekauka. Sasa mtasoma wenyewe.

Naitwa Minza, wengi wananiita Mama Limi. Nalima pamba na mahindi na mume wangu Maduhu, na mimi ni katibu wa akina mama kanisani, kwa hiyo kuandika hakunisumbui. Kinachonisumbua ni kufupisha. Hospitali niliyolazwa sitaitaja jina. Iko humu humu mkoani kwetu Simiyu, na waliokosea mle ndani walikuwa watu wa kawaida waliochoka. Mmoja wao, utakuja kuona, alikuwa mimi mwenyewe.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na sisi tuko shambani, maksai wawili, mimi mbele nawaongoza, Maduhu nyuma ameshika plau. Kazi ya kuongoza ng'ombe angeweza kuifanya mtu mwingine, ila mimi nikiona mistari ya shamba imepinda silali. Maksai mmoja akakanyaga kiota cha nyigu. Akaruka, akamvuta mwenzake, mimi nikaanguka, na plau likapita juu ya mguu wangu wa kushoto chini ya goti. Niliusikia mfupa kabla sijauona. Halafu nikauona, mweupe, umetoka nje.

Maduhu alivua shati akaufunga mguu, akanibeba mpaka barabarani. Tulipata toyo, pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mizigo, nikalazwa nyuma, kichwa changu juu ya gunia la mtu la michembe, viazi vilivyokaushwa. Tulipita Bariadi mjini watu wakitushangaa. Njia nzima mume wangu hakutamka neno. Nilipiga kelele, nikamtukana yule maksai na ukoo wake wote, yeye kimya. Nilidhani ni mshtuko, kwamba kesho yake atasema. Kesho hakusema, wala wiki iliyofuata.

Hospitali waliniwekea vyuma. Vinapenya ngozi na kushika mfupa, halafu kwa nje vinaunganishwa na fimbo ndefu, mguu unaonekana kama redio ya zamani yenye antena. Aliyekuja kuniuguza ni wifi yangu Holo, dada yake Maduhu, aliyeolewa Lamadi na mchuuzi wa dagaa. Holo ni mpole. Akiongea lazima usogee ndipo umsikie, na mimi nikiongea wanasikia hadi wodi ya wanaume. Alitandika mkeka chini ya kitanda changu akahamia pale na jagi lake la bluu, beseni, na kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa kwa kisu.

Nilipewa kitanda cha dirishani, na nje palikuwa na mwarobaini uliojaa ndege. Usidharau kitanda cha dirishani. Siku nyingi ndicho kitu pekee nilichomshukuru Mungu kwacho bila kujilazimisha.

Krismasi ilinikuta natoka usaha. Ulianzia kwenye tundu moja la chuma, ukahamia la pili, halafu kidonda chenyewe kikafunguka tena kama hakijawahi kushonwa. Nilipelekwa chumba cha upasuaji kusafishwa, nikarudi, usaha ukarudi nao. Nikapelekwa tena. Nilikuwa mtu wa mwili, mwenzangu, nikikaa kwenye benchi la kanisa wenzangu wanasogea. Kufikia palizi ya kwanza mifupa ya mabega ilikuwa imechomoza, nywele zinabaki kwenye kitana, na mguu wenyewe umekonda, mkavu, ngozi ya unyayo inabambuka. Harufu sitaieleza sana. Wageni walikuwa wanaikuta mlangoni, wanajikaza, wanakuja wakitabasamu, na mimi najua wamejikaza. Nililia kwa hilo kuliko nilivyolia kwa maumivu.

Daktari wetu tulimwita Daktari Mbio, siyo mbele yake. Kijana mwembamba, hodari kweli, mmoja kwa wodi mbili na kliniki, anatembea koti limejaa upepo. Asubuhi moja alisimama miguuni pangu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka. Hapo hapo nikajua.

"Mama, tutausafisha mara moja zaidi," alisema. "Wiki tatu zikipita usaha haujakata, itabidi tuukate mguu chini ya goti. Ni afadhali upoteze mguu kuliko tukupoteze wewe."

Nilimwambia asante daktari. Sijui asante ya nini. Alipoondoka nilijifunika kanga usoni nikalia, Holo naye akalia chini kwenye mkeka, na kwa mara ya kwanza nilimsikia vizuri. Nilikuwa nawaza vitu vya ajabu. Siyo kifo. Nilikuwa nawaza nitavunaje pamba na mguu mmoja, maana kuvuna pamba ni kuinama na kusogea, kuinama na kusogea, kutwa nzima. Nilimwaza Maduhu akiongoza maksai peke yake huku amenyamaza.

Basi, mtu akiambiwa wiki tatu, macho yanafunguka. Sina shule ya udaktari na sikufundishi udaktari. Ila nina macho, na kitandani huna kazi nyingine. Nikaanza kuangalia mikono. Jirani yangu alikuwa bibi mmoja wa Mwamapalala mwenye kidonda cha sukari kwenye unyayo, kidonda kibaya, maskini, na bibi mwenyewe mcheshi kuliko wodi nzima. Raundi ikija, Daktari Mbio anaanza kwa bibi. Anavaa glavu, anakandakanda kile kidonda, anashika faili, anasogeza pazia, anapokea simu, na glavu zile zile zinakuja kwangu. Siku nyingine anavua, lakini mikono haijaona maji. Manesi vivyo hivyo. Ukutani palikuwa na bango lenye picha ya mikono yenye povu, jua limelichubua mpaka povu limekuwa la njano. Nadhani hakuna aliyekuwa analiona tena.

Nilimnong'oneza Holo. Holo akaniziba mdomo. Alisema, wifi, wakikasirika watakuacha uoze. Na kweli, utamwambiaje daktari kwamba mikono yake michafu? Kwetu hata mtoto humwambii hivyo mbele ya watu. Mtu mzima, msomi, anayekuja kukuokoa, umtazame machoni umwambie nenda kanawe? Mimi ambaye mdomo wangu hauna breki nilimeza mate nikakaa kimya siku mbili nzima. Muulize Holo kama hiyo si rekodi.

Siku ya tatu akaja mke wa mchungaji kuniona, mchana wa chakula. Holo akachukua jagi na beseni, akapiga goti kidogo, akamimina. Mke wa mchungaji alikuwa katikati ya habari ya harusi fulani. Hakukatisha habari. Mikono yake ilijinyoosha yenyewe, ikanawa, ikajikung'uta, na mdomo ukaendelea na harusi. Nikabaki nimetoa macho. Katika maisha yangu sijawahi kumwona mtu aliyekasirika kwa kunawishwa. Humwambii mgeni wewe ni mchafu. Unamletea maji, na maji ni heshima.

Nikamweleza Holo. Alikataa mpaka jioni. Nikamwambia, basi mguu ukikatwa utaubeba wewe ukauzike Nkololo. Asubuhi akajikaza kisabuni.

Raundi ilipofika kwangu, Daktari Mbio alipogeuka tu kutoka kwa bibi, alimkuta Holo mbele yake amepiga goti, jagi mkono wa kulia, beseni wa kushoto, sabuni ukingoni, na taulo begani. Nakuapia, mikono yake ilijinyoosha. Glavu zikavuliwa, maji yakamiminwa. Alipofika nusu ya kunawa ndipo akili yake ikafika. Akasimama, povu linadondoka, akaniuliza hii ni nini.

"Daktari, kwetu mgeni hagusi chakula kabla hajanawishwa," nilisema. "Na wewe unaingia ndani ya mguu wangu."

Bibi wa Mwamapalala akakohoa, kikohozi cha kuficha kicheko, hakikuficha kitu. Daktari alinitazama, akatazama beseni, akamaliza kunawa mpaka viwikoni, akafutwa, akavaa glavu mpya. Mlangoni alikuwa amesimama inchaji wa wodi, Sista Nkwimba, mama mnene mwenye miwani ya kuning'iniza, ameona yote.

Baada ya hapo Holo akawa mtu mwingine. Nesi akija kufunga kidonda, jagi. Mwenye sindano, jagi. Binti wa bibi wa Mwamapalala akaona, naye akaleta la kwake, na wiki haijaisha upande wetu wote wa dirishani ulikuwa na majagi. Tulijiona tumemaliza kazi. Kumbe tulikuwa tumeamsha nyigu wengine.

Manesi wawili walianza kuninunia. Mmoja alipita asubuhi akasalimia kitanda cha kulia na cha kushoto, akaniruka mimi. Walisema chini chini kwamba yule mama wa dirishani ametuita wachafu. Na siku moja sakafu ikalowa kwa yale mabeseni, Daktari Mbio akateleza, akashika kitanda changu kwa mikono yote miwili, faili likaenda uvunguni. Alipoinuka alikuwa amekasirika kweli. Alisema hapa ni hospitali siyo harusini, yeye si mgeni hapa, na majagi yote yaondoke. Akaondoka, na siku hiyo kidonda changu hakikufunguliwa. Holo akaficha jagi chini ya kanga zake. Mimi nikahesabu siku zilizobaki katika wiki tatu. Nilijiona nimeuza mguu wangu kwa ubishi.

Kesho yake, zamu zilipobadilishana, Sista Nkwimba akawaita watumishi wote wa wodi, Daktari Mbio akiwemo. Hawana ukumbi, wanakutania pale penye nafasi kidogo, na nafasi kidogo ilikuwa kando ya dirisha langu. Nikafumba macho kama nimelala. Nilisikia kila neno.

Nilitegemea atafoka, lakini wapi. Alisema hataki kusikia nani hanawi, maana jibu analijua, hata yeye kuna siku hanawi. Anataka kila mmoja aseme kitu gani kinamzuia. Aliyeanza kusema alikuwa mfagiaji, Mama Tabu, ambaye kwenye vikao huwa anasimama nyuma na fagio lake. Alisema bomba la korido limevunjika mkono tangu mvua za mwaka jana, unalifungua kwa koleo, na koleo analo yeye, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Kicheko kikatoka. Nesi aliyekuwa ananinunia akasema sanitaiza zipo, lakini zimefungiwa kabatini kwa kuwa zinapotea, na mwenye ufunguo anaingia saa mbili wakati kazi inaanza alfajiri. Mwingine akaonyesha mikono yake iliyopasukapasuka kwa sabuni ya unga. Nilifumbua jicho moja nikaiona, nikajisikia vibaya, maana mimi nilidhani wote ni wavivu.

Mwisho akaongea Daktari Mbio, taratibu. Alisema tangu amalize chuo hajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba hajanawa. Ameambiwa na mgonjwa, akaona aibu, na aibu akaigeuza hasira. Alisema hilo mbele ya mfagiaji na mbele yangu, ijapokuwa mimi nilikuwa "nimelala". Siku hiyo ndiyo nilianza kumpenda yule kijana.

Walikubaliana mambo yao pale pale. Fundi akaitwa, bomba likawekwa mkono mpya kabla ya mchana. Chupa za sanitaiza zikatolewa kabatini, zikafungwa moja moja kwenye kila kitanda kwa kamba ya katani iliyofumuliwa kwenye gunia la pamba, kwamba anayetaka kuiba aibe na kitanda. Mama Tabu akapewa kazi ya kusema neno moja tu, "mikono", kwa yeyote, hata kwa daktari, na anayeambiwa hajibu, ananawa. Yule mama alilifurahia neno hilo! Alilisema akifagia, alilisema akipita, mpaka bibi wa Mwamapalala akawa anamsalimia "mwangaluka, Mama Mikono". Na majagi yakarudi, kwa sharti kwamba Holo na wenzake wakaushe sakafu.

Kikao kilipovunjika nilifumbua macho kwa ushindi. Sista Nkwimba alikuwa bado amesimama pale. Alivuta kiti.

Aliniuliza Jumapili iliyopita nilikuwa na wageni wangapi. Nikasema kwaya yote, na majirani, na mwenyekiti wa kitongoji. Akauliza nilisalimiana nao vipi. Nikamwambia swali gani hilo, kwa mkono, wote, mmoja mmoja, mimi si mtu wa kiburi. Akauliza, na mguu waliuona? Hapo nikaanza kujikuna shingo. Unajua kwetu mtu hasafiri kutoka Nkololo kuja kumwona mgonjwa halafu arudi bila kuuona ugonjwa wenyewe. Ataulizwa nyumbani. Kwa hiyo kila aliyekuja nilimwinulia bandeji kwa mkono ule ule uliotoka kumsalimia, nikamwonyesha, akasema pole mayu, yaani mama, nikairudisha, nikapokea michembe na karanga nikala. Aliyekuja kachelewa nilimfungulia upya. Siku nyingine nilikibonyeza kidogo waone usaha unavyotoka. Nilikuwa nauonyesha mguu ule kama mzazi anayeonyesha mtoto mchanga.

Sista alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mayu, wote waliokuja kwenye mguu wako umewanawisha," alisema. "Mwenye nyumba hajanawa."

Nimeshambuliwa na nyigu, nimepitiwa na plau, lakini sijawahi kupigwa kama nilivyopigwa na maneno hayo. Sista mwenyewe akachukua jagi la bluu, akanimiminia, na mimi nikanyoosha mikono yangu nikinawa na machozi. Halafu tukacheka. Hata yule nesi aliyekuwa ananinunia alicheka, akaja kunifuta.

Kuanzia siku hiyo sikumpa mtu mkono. Kwa wewe wa mjini hilo ni dogo. Kwa Msukuma kumnyima mtu mkono ni kumwambia hatujuani. Wanakwaya niliwaeleza wakaelewa, tukasalimiana kwa mdomo na kwa kupiga makofi mepesi. Balaa lilikuja na shemeji yangu Sitta, kaka mkubwa wa Maduhu, aliyetoka Mwandoya huko Meatu kwa basi na vumbi lote, mzee wa heshima. Aliingia akanyoosha mkono, Maduhu yuko nyuma yake. Nikabaki nimeificha mikono ndani ya kanga. Nilimsalimia kwa mdomo vizuri sana, nikaeleza, nikaomba radhi. Mkono wake ulikaa hewani muda mrefu. Kisha akaurudisha mfukoni, akasema amenielewa, na ilionekana hajanielewa hata kidogo.

Nje koridoni nilimsikia Maduhu. Mume wangu aliyekuwa hasemi alisema siku hiyo, lakini siyo nilichokuwa nakisubiri. Alisema nimemwaibisha mbele ya kaka yake. Wakaondoka. Siku zikapita hakuja. Chakula alituma, kwa mikono ya watu wanaokuja mjini, unga, maharage, na siku moja kuku mzima. Mwenyewe hakutokea. Holo alimpigia simu akamsema kwa sauti yake ile ndogo, nadhani hakusikia.

Nasema hili kwa ajili yako unayeuguza au kuuguzwa: ugonjwa haukai kwenye mguu peke yake. Unaingia kati ya mtu na mumewe, na hapo hakuna vyuma vya kushikilia. Nililala nikihesabu vitu viwili, siku za mguu na siku za Maduhu, na vyote vilikuwa vinaisha vibaya, au ndivyo nilivyodhani.

Lakini bandeji zilianza kubadilika. Mwanzo zilitoka zimelowa, halafu zikatoka na doa, halafu doa likawa dogo kama mbegu ya pamba. Sikuthubutu kusema kwa sauti, hata kwa Holo. Hamu ya kula ilirudi, nikamaliza ugali na dagaa wa Lamadi nikauliza kama kuna mwingine. Bibi wa Mwamapalala naye kidonda chake kilianza kuwa chekundu safi, na siku aliyoruhusiwa alinitania kwamba ananiachia urithi, yaani Mama Mikono.

Siku wiki tatu zilipotimia waliniketisha kwenye benchi la nje ya chumba cha picha tangu asubuhi. Lile benchi nalijua kila msumari. Karibu yangu alikaa baba mmoja na mtoto aliyevunjika mkono, upande wa pili mama anayesinzia, na sisi wote tukautazama mlango usiofunguka. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani. Kama wanaukata, niliwaza, wasiukate ukiwa umevaa vibaya.

Nilirudishwa kitandani, raundi ikaja. Daktari Mbio, kabla hata hajanisalimia, alimgeukia Holo akanyoosha mikono. Mwenyewe. Holo akammiminia. Alifungua bandeji polepole, akakandamiza kila tundu, akainua picha dirishani, akaitazama, akaitazama tena. Mimi nilikuwa naangalia ndege kwenye mwarobaini, sitaki kuangalia uso wake.

"Umekauka," alisema. "Mguu ni wako, mama. Hatukati."

Nilitaka kusema kitu kizuri, kikatoka kilio. Holo akaangusha jagi, maji yote sakafuni, na Mama Tabu akaja na tambara bila kutusema.

Niliruhusiwa pamba ikiwa imepasuka mashambani, vyuma vikiwa bado mguuni, vya kutolewa baada ya mauzo ya pamba. Sharti moja: kila siku kusafisha pale vyuma vinapoingia, na aliyeshika hapo awe amenawa. Maduhu alikuja kunichukua. Alisimama mlangoni mwa wodi na kofia mkononi, na Mama Tabu, ambaye hamjui, akamwambia "mikono". Alinawa. Aliona daktari akinawishwa na dada yake, aliona mimi nikinawa, aliona chupa kwenye vitanda. Sista Nkwimba alimwita pembeni wakaongea, sikuwasikia. Njia nzima kurudi Nkololo hakusema neno, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuzoea.

Nyumbani uwanja ulijaa. Walikuwa majirani, kwaya, na shemeji Sitta, aliyekuja tena kutoka Mwandoya, amekaa kwenye kiti cha kukunja mbele ya wote. Nikasalimia kwa mdomo. Akaitika kwa mdomo. Holo alikuwa ameshukia njiani kwenda Lamadi kwa mumewe, na haki yake, alikuwa amewaacha watoto miezi. Jagi la bluu aliniachia. Saa ya kusafisha vyuma ikafika, nimekaa kwenye kigoda, pamba safi na bandeji pembeni, watu wanatazama, na nikagundua kwamba hakuna wa kunimiminia. Nikaanza kuinama nilifikie jagi.

Maduhu akasimama. Mnajua desturi yetu, mwanamume ananawishwa, hanawishi, na kumnawisha mke wake mbele ya kaka yake mkubwa sijawahi kuona wala kusikia. Alichukua jagi mkono wa kulia, beseni wa kushoto, kama alivyomwona dada yake akifanya. Akainama. Maji yakaanza kutoka, mengine kwenye beseni, mengine kwenye gauni langu, kwa kuwa hakuwahi kumnawisha mtu.

"Ulipoanguka nililing'ang'ania plau," alisema chini chini, macho kwenye beseni. "Ningeliinua, lisingekupata."

Kumbe ndicho alichokuwa amekibeba tangu mvua za kwanza. Miezi yote ile nilidhani amenikasirikia mimi. Nilimtazama shemeji Sitta. Alikuwa amekunja mikono ya shati, anasubiri zamu yake ya kunawa.

"Mimina tu, Baba Limi," nilimwambia. "Bado haijatakata."

Ilikuwa imeshatakata zamani. Nilitaka tu aendelee kusimama pale.